MCHORO MMOJA, WASOMAJI WENGI: UWEZO WA UTAMBUZI NA USOMAJI WA MICHORO YA TAKWIMU

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba matini haina msomaji mmoja. Wananadharia wa upokezi waliohusishwa na Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, hususan Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, walisisitiza kwamba maana haimo katika maandishi pekee. Maana huzaliwa pale msomaji anapokutana na maandishi na kuyajaza mapengo yaliyoachwa na mwandishi. Wazo hili tumelizoea tunapojadili riwaya, tamthilia na ushairi. Ajabu ni kwamba tunapofungua ukurasa wenye grafu aghalabu tunalisahau. Tunachukulia kuwa mchoro wa takwimu ni kitu kinachojieleza, na kwamba ukishachorwa kila mwenye macho ataona kilekile alichokiona mwenziwe.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina mashiko. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wanasaikolojia wametumia miongo kadhaa kuupima ukweli wa kauli hiyo katika usomaji wa michoro. Watu wawili wenye elimu sawa huweza kuutazama mchoro mmoja, mmoja akaifikia maana upesi na mwingine akapotelea njiani, kwa kuwa uwezo mahususi wa akili unaodaiwa na mchoro huo haulingani miongoni mwa watu. Kutokana na hoja hiyo, tunadai kwamba maneno yanayouzunguka mchoro ni sehemu ya mchoro wenyewe, na kwamba katika mazingira yetu kuyatunga maneno hayo ni wajibu wa mtaalamu wa Kiswahili.

Katika makala haya, istilahi 'mchoro wa takwimu' inajumuisha kila njia ya kuwakilisha idadi kwa umbo: grafu ya mstari, grafu ya nguzo, grafu ya duara iliyokatwa vipande kama chapati, pamoja na ramani zenye rangi au nukta za idadi. 'Uwezo wa utambuzi' unarejelea stadi za ndani za akili kama vile kuona kwa haraka, kuhifadhi mambo akilini kwa muda mfupi, na kuzungusha maumbo katika fikra.

Mchoro wa takwimu kama matini

Michoro ya takwimu ni michanga ikilinganishwa na maandishi. Mskoti William Playfair alichapisha grafu za mistari na ya nguzo kuhusu biashara mwaka 1786, kisha akaleta grafu ya duara mwaka 1801. Wakati wa mkurupuko wa kipindupindu jijini London mwaka 1854, daktari John Snow alikusanya habari za vifo vya mtaa wa Soho, na ramani yake ikaonyesha vifo hivyo vikiwa vimezunguka pampu moja ya maji. Mwaka 1858 Florence Nightingale alitumia vipande vya duara kuonyesha kwamba askari wa Uingereza waliokufa kwa maradhi katika vita vya Crimea walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Kazi hizi tatu zilikuwa na shabaha ya kushawishi. Kila moja ilikuwa na msemaji, hadhira na hoja, yaani sifa zilezile tunazozitafuta katika matini yoyote.

Kama ilivyo kwa matini nyingine, kusoma mchoro kuna ngazi. Mtaalamu wa elimu ya hisabati Frances Curcio, katika kazi yake ya mwaka 1987, alizitaja tatu: kusoma data, kusoma kati ya data, na kusoma kuipita data. Mwalimu wa ufahamu atazitambua mara moja, kwani zinakaribiana na maswali ya moja kwa moja, maswali ya kulinganisha na maswali ya kudokeza.

Tuchukue sensa za Kenya. Mwaka 1999 walihesabiwa watu 28,686,607. Mwaka 2009 watu 38,610,097. Na mwaka 2019 watu 47,564,296. Tukizichora idadi hizi kwa nguzo tatu, msomaji wa ngazi ya kwanza atasema kwamba mwaka 2019 kulikuwa na watu wapatao milioni 47.6. Msomaji wa ngazi ya pili atalinganisha hatua, agundue kwamba muongo wa kwanza uliongeza watu milioni 9.9 na wa pili watu milioni 9.0. Msomaji wa ngazi ya tatu atauliza ni kwa nini ongezeko lilipungua ilhali watu wenyewe walikuwa wengi zaidi, na sensa inayofuata itatarajiwa kuonyesha nini. Nguzo zenyewe zinapaa tu. Kupungua kwa ongezeko hakukuchorwa popote. Ni pengo, kwa maana ya Iser, ambalo msomaji hana budi kulijaza kwa akili yake. Swali letu basi ni hili: akili hiyo inahitaji uwezo gani ili kulijaza?

Jicho na vipimo vyake

Uwezo wa kwanza ni wa jicho lenyewe kupima. Mwaka 1984 wanatakwimu wa Marekani William Cleveland na Robert McGill walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kuhusu usahihi wa watu katika kukadiria idadi kutokana na maumbo. Walibaini kwamba binadamu hukadiria vyema zaidi anapolinganisha mahali pa vitu kwenye mstari mmoja wa vipimo, kama vile vichwa vya nguzo zilizoanzia chini pamoja. Usahihi hupungua anapolinganisha urefu wa vitu visivyoanzia mahali pamoja, hupungua zaidi anapokadiria pembe, na huzidi kufifia anapokadiria eneo, ujazo na kukolea kwa rangi. Jeffrey Heer na Michael Bostock waliyarudia majaribio hayo mwaka 2010 kwa kuwatumia washiriki wa mtandaoni, na mpangilio huo kwa jumla ukathibitika.

Athari ya jambo hili inaonekana bayana katika matokeo ya uchaguzi wa urais wa Kenya yaliyotangazwa tarehe 15 Agosti 2022. William Ruto alitangazwa kupata kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, naye Raila Odinga kura 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Tofauti ilikuwa kura 233,211. Tukizichora asilimia hizi katika grafu ya duara, kipande cha mshindi kitakuwa na pembe ya digrii 181.8 na cha mpinzani wake digrii 175.9. Tofauti ya digrii sita hivi ni vigumu kwa jicho kuiona bila kusaidiwa na tarakimu. Mtazamaji ataondoka akiamini kwamba wawili hao walitoshana nguvu. Sasa tuzichore kwa nguzo, lakini mstari wa vipimo uanzie asilimia 48 badala ya sufuri. Nguzo ya kwanza itapanda hatua 2.49 na ya pili hatua 0.85. Mshindi ataonekana kuwa na karibu mara tatu ya mwenziwe. Tarakimu ni zilezile, tena hakuna hata moja iliyoghushiwa, lakini raia wawili waliotazama michoro hiyo miwili watakuwa wametazama chaguzi mbili. Katika nchi ambayo matokeo ya kura yamewahi kuleta maafa, suala hili si la urembo wa kurasa.

Msomaji anayeuangalia mwanzo wa mstari wa vipimo hukwepa mtego wa pili. Kuuangalia, hata hivyo, kunadai kwamba baada ya kuona umbo azuie hukumu ya jicho lake, asome tarakimu ndogo zilizo pembeni, kisha arudi kulifasiri umbo upya. Kazi hiyo hufanyika katika sehemu nyingine ya akili.

Kumbukumbu tendaji

Wanasaikolojia hutofautisha hazina ya kumbukumbu ya kudumu na ile sehemu finyu ya akili ambamo mambo hushikiliwa kwa sekunde chache huku yakifanyiwa kazi. Sehemu hii ya pili tunaweza kuiita kumbukumbu tendaji. Mwaka 1956 George Miller alikadiria kwamba uwezo wetu wa kushikilia vitu kwa muda mfupi unazunguka idadi ya saba, ukizidi au kupungua viwili. Nelson Cowan, mwaka 2001, alitoa hoja kwamba kikomo halisi kinakaribia vitu vinne. Alan Baddeley na Graham Hitch, katika kielelezo chao cha mwaka 1974, walieleza kuwa sehemu hii ina vitengo: kimoja hushughulikia sauti na maneno, kingine maumbo na mahali pa vitu, navyo husimamiwa na kitengo kikuu kinachoelekeza umakinifu. Ukubwa wa vitengo hivi hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti wa isimujamii amechora grafu ya mistari sita inayoonyesha kiwango cha kuchanganya ndimi katika shule sita kwa kipindi cha miaka mitano. Kila shule ina rangi yake, na ufunguo wa rangi umewekwa chini ya mchoro. Msomaji anayetaka kujua kama shule ya pili iliipita ya tano huangalia mstari wa juu, akashikilia rangi yake akilini, akashuka hadi kwenye ufunguo, akasoma jina, akapanda tena akiwa amelishika jina hilo, akatafuta mstari mwingine, akashuka tena. Mwenye kumbukumbu tendaji pana hufanya safari mbili akamaliza. Mwenye kumbukumbu finyu hupoteza jina la kwanza anapotafuta la pili, na hulazimika kuanza upya. Akichoka, hukata tamaa na kuamini maelezo ya mwandishi bila kuyahakiki.

John Sweller, aliyeasisi nadharia ya mzigo wa utambuzi katika miaka ya 1980, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba kumlazimisha mwanafunzi agawe umakinifu wake kati ya mchoro na maelezo yaliyowekwa mbali humwongezea mzigo usio na faida. Dawa katika mfano wetu ni rahisi mno: jina la kila shule liandikwe mwishoni mwa mstari wake. Ufunguo utaondoka, na pamoja nao safari zote za kupanda na kushuka. Maneno yamehamishwa mahali, na mchoro umefunguka kwa wasomaji ambao awali uliwafungia nje.

Kasi ya kutambua na uwezo wa nafasi

Uwezo wa tatu ni kasi ya kutambua, yaani wepesi wa mtu kulichuja umbo moja miongoni mwa maumbo yanayofanana, au kulinganisha safu mbili za tarakimu na kusema kama zinalingana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, wakiwemo Dereck Toker, Cristina Conati na Giuseppe Carenini, walichapisha mwaka 2012 utafiti uliolinganisha grafu za nguzo na grafu zenye umbo la utando wa buibui. Kasi ya kutambua ilibainika kuathiri muda ambao washiriki walitumia kukamilisha kazi, ilhali kumbukumbu ya maumbo na ya maneno ilihusiana na jinsi washiriki walivyoziona grafu hizo kuwa rahisi au za kupendeza. Katika kazi iliyofuata mwaka 2013, walifuatilia mienendo ya macho kwa vifaa maalumu, na wakaonyesha kwamba tofauti hizi za akili huacha alama katika namna jicho linavyotembea juu ya mchoro, ikiwa ni pamoja na linavyozishughulikia sehemu za maandishi kama vile lebo na ufunguo.

Jambo hili lina maana kubwa kwa sababu kasi ya kutambua hupungua kwa jumla kadiri umri unavyosonga. Mchoro unaopita kwenye runinga kwa sekunde tano humtendea haki kijana kuliko mzee, hata kama mzee ndiye mwenye hekima ya kuufasiri.

Uwezo wa nne ni wa nafasi: kuumba umbo akilini, kuligeuza na kulitazama kutoka upande mwingine. Roger Shepard na Jacqueline Metzler walionyesha mwaka 1971 kwamba kadiri umbo linavyohitaji kuzungushwa kwa pembe kubwa akilini, ndivyo muda wa kujibu unavyorefuka. Tarakilishi zetu zina programu zinazomrahisishia mwanafunzi kuipa grafu ya duara unene na mlalo ili ionekane kama keki iliyo mezani. Pambo hilo hukuza kipande kilicho mbele na kukifinya kilicho nyuma, kisha humlazimisha msomaji ainyooshe keki akilini mwake kabla ya kulinganisha vipande. Mwenye uwezo mdogo wa nafasi amewekewa mtihani ambao hauhusiani kamwe na mada ya tasnifu.

Kuna utafiti unaoonyesha jinsi uwezo huu unavyogusa maisha. Alvitta Ottley na wenzake walichunguza, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, namna watu wanavyofasiri matokeo ya vipimo vya ugonjwa. Fumbo mashuhuri la aina hiyo huenda hivi. Katika wanawake 1,000, kumi wana saratani ya matiti. Kati ya hao kumi, wanane watapatikana kuwa nayo kipimo kitakapofanywa. Kati ya 990 wasio na saratani, 95 watapatikana kimakosa kuwa nayo. Mwanamke aliyeambiwa kwamba kipimo kimeonyesha saratani ana uwezekano gani wa kuwa nayo kweli? Jibu ni 8 kati ya 103, yaani chini ya asilimia 8, lakini watu wengi hutaja idadi kubwa mno. Ottley na wenzake walibaini mambo mawili. Kwanza, namna swali na maelezo yalivyoundwa kwa maneno iliathiri usahihi wa majibu. Pili, uwezo wa nafasi ulikuwa na nafasi kubwa, kwani waliokuwa nao kwa wingi walifaulu zaidi ya wengine. Tukumbuke kwamba anayesubiri jibu hilo hospitalini anaweza kuwa mama au shangazi wa yeyote kati yetu, na kwamba atalipokea kwa maneno au kwa mchoro uliochaguliwa na mtu mwingine.

Mazoea na ujuzi wa awali

Itakuwa kosa kudhani kwamba uwezo wa utambuzi hufanya kazi peke yake. Msomaji huleta pia mazoea. Jeff Zacks na Barbara Tversky walionyesha mwaka 1999 kwamba watu wanapoona nguzo husema habari za kulinganisha vitu vilivyo mbalimbali, na wanapoona mstari husema habari za mwelekeo. Walipochorewa wastani wa kimo cha wanawake na wanaume kwa mstari uliounganisha nukta mbili, baadhi ya washiriki walifikia hatua ya kusema kwamba kadiri mtu anavyozidi kuwa mwanamume ndivyo anavyozidi kuwa mrefu. Mstari ulikuwa umewaamrisha waone safari mahali palipokuwa na makundi mawili tu. Fani iliitawala maudhui, jambo ambalo mhakiki wa ushairi hatalistaajabia.

Mwelekeo wa maandishi nao huacha athari. Mwaka 1991 Tversky, pamoja na Sol Kugelmass na Atalia Winter, walichapisha utafiti kuhusu watoto na watu wazima wanaotumia Kiingereza, Kiebrania na Kiarabu. Walipoombwa kupanga matukio ya wakati, kama vile milo ya siku, wasemaji wa Kiingereza walielekea kupanga kutoka kushoto kwenda kulia, na wasemaji wa Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Kiswahili kinahusika hapa moja kwa moja. Kwa karne kadhaa tenzi na barua za pwani yetu ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia. Msomi wa Lamu au Pate wa enzi hizo angeonyeshwa mstari unaopanda kuelekea kulia, si ajabu angeuona ukishuka. Kwamba wakati husogea kuelekea kulia ni kaida tuliyofunzwa, nayo inaweza kumpotosha yeyote ambaye hakufunzwa.

Fauka ya hayo, kuna ujuzi wa kusoma grafu wenyewe. Mirta Galesic na Rocio Garcia-Retamero waliupima nchini Ujerumani na Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2011, na wakapata kwamba hata katika nchi hizo zenye shule nyingi sehemu kubwa ya watu wana ujuzi hafifu wa grafu. Wolfgang Gaissmaier na wenzake waliongeza mwaka 2012 kwamba wenye ujuzi wa juu hufaidika na michoro, ilhali wenye ujuzi wa chini huelewa vyema zaidi wanapopewa tarakimu. Hivyo basi ile imani kwamba picha humsaidia kila mtu, hasa asiyejua hesabu, inahitaji kuhakikiwa.

Tahadhari kuhusu matokeo haya

Yapo mambo matatu ya kuchunga. Mosi, uwezo uliotajwa si kipimo cha werevu wa mtu. Mwenye kasi ndogo ya kutambua anaweza kuwa na kumbukumbu pana ya maneno, na anayeshindwa kuzungusha maumbo akilini anaweza kuwa bingwa wa kutunga utenzi. Kumwita msomaji mjinga kwa sababu mchoro umemshinda ni kuihamishia lawama kwa asiyestahili. Pili, tofauti hizi hujitokeza zaidi kazi inapokuwa ngumu; katika mchoro rahisi wenye nguzo tatu, wengi hufika pamoja. Mchoraji basi ana uwezo wa kupunguza pengo hilo kwa kupunguza ugumu usio wa lazima. Tatu, tafiti tulizozirejelea zilifanyiwa kwa sehemu kubwa Amerika Kaskazini, Ulaya na Israeli. Hatuwezi kuzihamisha nzimanzima hadi darasa la Kakamega au baraza la Kwale, ambako msomaji huenda anaipokea grafu katika lugha yake ya pili au ya tatu. Huu ni uwanja unaomwita mtafiti wa Kiswahili, kwa kuwa kubeba istilahi ngeni akilini nako hula sehemu ya kumbukumbu tendaji.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Wengi wetu huandika tasnifu zenye michoro ya takwimu, iwe ni idadi ya makosa ya kisarufi, kiwango cha matumizi ya lahaja au maoni ya walimu. Yafuatayo yanaweza kutuongoza.

Kwanza, mchoro uchaguliwe kulingana na kazi anayotarajiwa msomaji kuifanya. Panapohitajika ulinganisho wa karibu, nguzo zinazoanzia sufuri zitumike badala ya duara. Panapohitajika mwelekeo wa wakati, mstari utumike. Pambo la unene liepukwe.

Pili, lebo ziandikwe pale pale penye kitu kinachotajwa. Rangi zisiachwe zibebe maana peke yake, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini hufikia takriban asilimia 8, na ingawa kiwango huwa cha chini Afrika, hakikosekani. Zaidi ya hayo, tasnifu nyingi hutolewa nakala zisizo na rangi.

Tatu, anwani ya mchoro iseme jambo. Linganisha anwani mbili. Ya kwanza: 'Idadi ya Watu Kenya, 1999 hadi 2019.' Ya pili: 'Idadi ya watu Kenya iliendelea kupanda kati ya 1999 na 2019, lakini ongezeko la muongo wa pili lilikuwa dogo kuliko la muongo wa kwanza.' Anwani ya kwanza humwachia msomaji kutoa na kulinganisha, kazi inayotegemea ukubwa wa kumbukumbu yake. Ya pili humfikisha kwenye ngazi ya pili ya Curcio na kumwachia nguvu za kuuliza sababu. Tena, kwa mwanafunzi asiyeona, au kwa msikilizaji wa redio, sentensi kama hiyo ndiyo mchoro.

Nne, pasizidi. Slava Kalyuga, Sweller na wenzao walieleza mwaka 2003 kwamba msaada unaomfaa anayeanza huweza kumwelemea mjuzi, ambaye hulazimika kusoma asichokihitaji. Sentensi moja thabiti hutosha mahali ambapo aya nzima ingechosha.

Tano, istilahi zisawazishwe ndani ya kazi moja. Mwandishi akiita umbo 'nguzo' katika ukurasa mmoja, 'mhimili' katika mwingine na 'pau' katika wa tatu, humfanya msomaji ashuku kwamba anazungumzia vitu vitatu. Idara zetu na vyama vyetu vya Kiswahili vina nafasi ya kukubaliana kuhusu istilahi chache za msingi, kama ambavyo istilahi za isimu na fasihi zilivyojadiliwa hadi zikakubalika.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba usomaji wa michoro ya takwimu hutegemea upimaji wa jicho, upana wa kumbukumbu tendaji, kasi ya kutambua, uwezo wa nafasi, pamoja na mazoea na ujuzi ambao msomaji anakuja nao. Uwezo huu haukugawanywa sawa kwa watu, wala hauwezi kuamriwa usawazike. Kilicho mikononi mwetu ni mchoro na maneno yake. Mwandishi anayeweka jina mwishoni mwa mstari, anayeanzisha nguzo zake kwenye sufuri na kusema kwa Kiswahili wazi kile ambacho nguzo hizo zinaonyesha, huwafungulia mlango wasomaji ambao vinginevyo wangebaki ukumbini wakiamini kuwa hawana akili ya hesabu. Nadharia ya upokezi ilitufunza kumheshimu msomaji wa riwaya. Msomaji wa grafu, ambaye huenda kutokana nayo akaamua kukubali au kukataa matokeo ya kura, au kukubali au kukataa tiba, anastahili heshima iyo hiyo.